Mwigizaji wa Kifafa

Kuanguka ni kazi kama kazi nyingine, na mimi niliifanya vizuri. Unalegeza magoti kwanza, bega linatangulia, na mkono unaokinga kichwa unauficha ili watu wasiuone. Halafu unakakamaa. Halafu unatikisika, kwa nguvu mwanzoni, kisha polepole, kama mashine ya kufulia inayokaribia kuzima. Mwisho unalegea na kukoroma. Sista alikuwa akisema mkoromo wangu ndio uliowatisha wanafunzi wake kuliko kitu kingine, nami nikimjibu kwamba ule ni mkoromo wa urithi, upande wa baba wote tunalala hivyo.

Sista alikuwa muuguzi wa kliniki yetu ya kifafa, na mimi nilikuwa mgonjwa wake tangu nikiwa na sare ya shule. Jumatano mchana alifanya semina kwa watu wanaoishi au kufanya kazi na watu kama sisi: walimu, walinzi wa getini, madereva, ndugu wanaolea. Miaka mingi aliwafundisha kwa picha za kubandika ukutani. Watu waliitikia kwamba wameelewa, wakanywa soda, wakaenda zao, na mtu akianguka mbele yao wanamkimbilia na kijiko wamtie mdomoni. Siku moja, akiniandikia dawa, aliniambia picha zimemchosha, anataka mtu wa kuanguka.

"Mgonjwa gani atakubali kuanguka mara mbili?" nikamuuliza.

"Wewe," akasema. "Una maneno mengi, nikadhani na moyo unao."

Nilikubali kwa sharti moja, asijue mtu kwamba kifafa ninacho kweli. Aniite msaidizi wake, basi. Mimi ni msusi, nashika vichwa vya watu, na mtaani kwetu bado wapo wanaoamini povu la mgonjwa likikugusa nawe umepata. Palikuwa na dada mmoja aliyekuwa akifulia watu nguo. Alianguka siku moja pale bombani, na kabla jua halijazama wateja wake wote walikuwa wamekuja kuchukua nguo zao, nyingine zikiwa na sabuni bado. Mama yangu aliliona lile, akaniambia siri ya mtungi aijuaye kata, wewe nyamaza. Nikanyamaza. Saluni hawakujua. Nilikuwa na kiti changu karibu na dirisha, wateja wangu wa kudumu wakinisubiri hata viti vingine vikiwa vitupu, na jina la Vidole ambalo mwenye saluni mwenyewe alinipa kwa kasi ya mikono yangu. Kwa kiti kile ningefanya lolote. Sikuwa na mume wala nyumba, nilikuwa na kiti.

Sista hakupenda sharti langu. Alitamani nisimame mbele ya watu niseme, "Ni mimi." Alilileta lile jambo kila alipopata nafasi, kwa upole wake ule wa kukuchosha.

"Wakijua ni wewe, watasikia zaidi," alisema.

"Watasikia, halafu watahama kiti."

"Sio wote."

"Dada yule wa kufulia pia aliambiwa sio wote."

Hapo alirudi kwenye karatasi zake. Alikuwa mtu wa kujua pa kuishia, na kwa hilo nilimpenda.

Nami Jumatano nilizipenda, niseme ukweli. Ugonjwa huu hauombi ruhusa. Unakuja ukiwa umebeba chai, ukiwa kwenye foleni, ukiwa unacheka. Unaamka umelala chini, ulimi unauma, na watu wamekuzunguka wakijua kitu juu yako ambacho wewe hukijui. Lakini Jumatano nilianguka saa niliyotaka, nikaamka saa niliyotaka, na niliwaona wote kwa upenyo wa kope: mlinzi mkubwa akiniwekea koti chini ya kichwa, mwalimu akiangalia saa yake kama alivyofundishwa, mama fulani akinigeuza ubavu taratibu kama anayemgeuza mtoto mchanga. Baadaye walipiga makofi, nami niliinuka, nikajifuta vumbi, nikainama kidogo. Sijui kama naeleweka. Ilikuwa mara pekee watu walinihudumia nami nipo.

Kuna jambo moja lilikuwa likinikera. Nikiigiza, nilifumba macho. Kifafa kikikushika kweli, macho mara nyingi hubaki wazi, na siku moja mhudumu mmoja wa gari la wagonjwa alicheka mbele ya darasa zima akasema huyu anatudanganya, angalieni macho yake. Niliona aibu ya fundi aliyekosolewa ushonaji. Nikarudi nyumbani, nikaanza mazoezi mbele ya kioo, kukodoa macho bila kupepesa, kuyatazamisha upande mmoja. Sista alipogundua hakufurahi.

"Fumba tu," aliniambia. "Ukifumba mimi najua upo."

"Wewe unataka wajifunze au hutaki?"

"Nataka. Lakini nataka na mimi nijue."

Tukakubaliana kwamba akitaka nimalize atanigusa bega. Nami Jumatano iliyofuata nikaanguka macho wazi, na darasa zima lilikaa kimya nisichowahi kukisikia. Nilijivuna kwa siku kadhaa. Najuta kuliko ninavyoweza kueleza, lakini wakati ule ningeambiwa na malaika nisingefumba.

Semina ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya wenye biashara, watu wenye karakana na maduka, na Sista aliihangaikia kwa muda mrefu. Alitaka waajiri wajue kwamba mtu mwenye kifafa anaweza kazi. Ilifanyika kwenye darasa la shule, madawati yamesukumwa ukutani, viti vimepangwa nusu duara. Niliingia na mkeka wangu kwapani, na mtu wa kwanza kumwona, mstari wa mbele, mkoba mapajani, alikuwa mwenye saluni yetu. Tulimwita Dada Mkubwa, hata wanaomzidi umri walimwita hivyo, kwa namna anavyokaa kitini tu.

Miguu ilitaka kurudi nilikotoka. Yeye akacheka.

"Vidole! Kumbe Jumatano ukiomba ruhusa ndio unakuja kuigiza huku?"

"Ni kibarua tu, Dada."

"Na mimi nikasema mtoto wa watu ana mchumba. Haya, tuone."

Nikatulia. Nikajiambia yeye ni mtazamaji kama wengine, na kuigiza hakujamwambukiza mtu siri. Lakini nilikuwa nimechoka. Usiku wa kuamkia siku ile tulikuwa na bibi harusi na wapambe wake, tumesuka mpaka alfajiri, na kulala sikulala. Sista amefundisha mara ngapi kwamba usingizi ukikosekana kifafa hupata mlango? Nilikuwa nimelisikia somo lile nikiwa nimelala sakafuni, Jumatano baada ya Jumatano, na mwenyewe sikulitumia.

Yaliyofuata sikuyaona. Nimeyaona kwenye simu, maana fundi mmoja wa kuchomelea vyuma alirekodi somo, kama wengi walivyofanya ili wakajikumbushe, na akampelekea Sista halafu akafuta ya kwake. Nilimwomba Sista anionyeshe. Alikataa, nikamwomba tena, tena, mpaka akanipa simu akageuka dirishani.

Kwenye ile video Sista anasema, "Tuseme mko kazini, mnaendelea na shughuli zenu kama kawaida..." Mimi naanguka kabla hajamaliza. Huwa nasubiri amalize.

"Leo msaidizi wangu ana haraka," Sista anasema, na watu wanacheka.

Naanza kutikisika. Macho yangu yako wazi. Sista amewapa uso wanafunzi na mgongo mimi, kama mwalimu yeyote anayejua kilichoandikwa ubaoni. Anataja hatua, nao wanazifanya. Wanasogeza viti. Fundi mwingine anavua koti lake, analikunja, analiweka chini ya kichwa changu. Mtu anaangalia saa. Hakuna anayenishika mikono, hakuna anayeleta kijiko wala maji. Nimeanguka mara nyingi katika maisha yangu, mbele ya ndugu na mbele ya wageni, na sijawahi kutunzwa vizuri kama siku ile. Hilo nalo nalisema kwa sababu ni haki yao.

Sista anainama, ananigusa bega. Naendelea. Ananigusa tena, anasema kwa sauti ya chini, "Inatosha," na unaona kabisa anavyotabasamu, maana nilikuwa na tabia ya kuongeza chumvi. Kidogo baadaye mwili unalegea wenyewe. Yeye anadhani nimemtii. Wananigeuza ubavu, naanza kukoroma, na anawaambia sasa ndio wakati wa kukaa naye, asiachwe peke yake, anaweza kuamka amechanganyikiwa. Wanakaa. Huku nimelala pale, yeye anauliza kama kuna maswali.

Dada Mkubwa ananyoosha mkono.

"Mtu kama huyu, anaweza kufanya kazi ya mikono? Tuseme kwangu, kazi ya nywele?"

"Anaweza," Sista anasema. "Wengi wako kazini, na mabosi wao hawajui."

"Wewe unasema hivyo kwa sababu umezoea. Mimi nisingeweza, nisikudanganye. Huyu anaigiza tu, na moyo wangu unakwenda mbio. Je, mwenyewe akianguka na pasi ya moto mkononi, juu ya mteja?"

Sista anamjibu vizuri. Anamweleza habari ya dawa, kwamba wengi wakizimeza sawasawa hukaa muda mrefu bila kuanguka, kwamba bosi na mfanyakazi wanaweza kukaa chini wakapanga nani ashike nini. Ndilo jibu bora alilowahi kutoa, na analitoa amesimama hatua moja kutoka kichwani pangu. Kisha anasema, "Haya, tumpongeze msaidizi wetu."

Hapo ndipo ninapokumbuka mwenyewe. Makofi niliyasikia kwa mbali, kama mvua kwenye bati la jirani. Kichwa kilikuwa kizito, mdomoni nilisikia ladha ya damu, na sikujua niko wapi wala ni siku gani. Lakini makofi niliyajua. Makofi maana yake kazi imeisha, inuka. Nikainuka. Nikajifuta vumbi. Nikainama kidogo, kama kawaida yangu, nikatabasamu.

Waliacha kupiga makofi mmoja mmoja. Sketi yangu ilikuwa imelowa mpaka chini, na midomo ilikuwa na damu. Nikaendelea kutabasamu maana sikujua. Sista aligeuka, akaniona, na uso wake ukabadilika namna ambayo sitaki kuielezea. Alivua koti lake jeupe akanifunga kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, huku akirudia, "Nisamehe, mama, nisamehe, mama," kama mtu anayeongea na mtoto aliyemuumiza. Ndipo darasa zima lilipojua. Ndipo na mimi nilipojua.

Dada Mkubwa alikuwa wa kwanza kuja. Alinipa kitambaa cha mkononi, akanishika mkono mpaka kwenye gari lake, akatandika kanga kwenye kiti na kunipeleka nyumbani. Njiani aliniuliza kama nasikia baridi. Nilisubiri anifukuze kazi. Ningejua namna ya kufukuzwa, nilikuwa nimejiandaa tangu utotoni.

Hakunifukuza. Kesho kutwa yake niliporudi, alikuwa amewakalisha wenzangu wote na kuwafundisha: wasinishike, wasinitie kitu mdomoni, wanigeuze ubavu, waangalie saa. Alikuwa amelishika somo lote kichwani. Alinunua mto mdogo mwekundu, akauweka chini ya kaunta, kwa ajili yangu. Na kiti changu cha dirishani alikuwa amempa binti mwingine, kwa muda tu, alisema, mpaka nipate nguvu. Mimi nikawekwa mlangoni, kupokea wateja, kuwaandalia chai na kukunja taulo.

"Pasi ya nywele ni moto, Vidole. Mkasi una ncha. Mimi sitaki uumie," alisema, na machozi yalimlengalenga. Ungemgombeza vipi mtu kama huyo?

Wateja nao walikuwa wema. Hakuna aliyehama. Walinisalimia kwa sauti ile watu wanayotumia hospitali, wakaniuliza kama nimekula. Nikipiga miayo, mtu anasogeza meza. Siku moja nilikuwa nimekaa nikiwaza yangu, nikitazama ukutani, nikashtukia watu wawili wamenilaza chini na mto mwekundu uko chini ya kichwa. Nikawaambia nilikuwa nawaza kodi ya nyumba. Walicheka, nikacheka nao, halafu nikaingia chooni nikalia.

Nilikuwa nimeogopa ubaya wa watu maisha yangu yote. Nilijua jinsi ya kuujibu ubaya, nina ulimi. Wema ule ulinikuta mikono mitupu.

Sista alikuja baada ya wiki kadhaa. Alikuwa amekonda. Semina aliziacha, aliniambia wamemletea mdoli wa plastiki wa kufundishia, lakini hajaufungua kwenye boksi. Kliniki alikuwa akiniandikia dawa bila kuniangalia, na kila nilipofungua mdomo nimwambie simlaumu, alinitangulia kuomba msamaha, tukaishia wote wawili kutazama meza. Siku hiyo hakuomba msamaha. Alimwomba Dada Mkubwa nafasi, wakazungumza pale pale mbele yangu, nilitaka niwepo.

"Arudi kwenye kiti chake," Sista alisema. "Dawa tumezirekebisha. Pasi na mkasi washike wengine kwa sasa. Kusuka kwa mikono kuna hatari gani? Tandikeni mkeka pale; akianguka, ataangukia mkeka, na nyinyi mnajua la kufanya. Mlijifunza mkajua."

"Wateja wataogopa."

"Wateja watakutazama wewe. Ukimwogopa, wataogopa."

Dada Mkubwa alifikiri. Ni mtu wa haki, sina ubaya naye hata leo. Alivua kilemba chake, akaenda kukaa kwenye kiti changu, dirishani, saluni ikiwa imejaa.

"Nisuke mimi," akasema. "Mistari ya kwenda nyuma. Watu waone."

Nilinawa mikono. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilisahau kufunga aproni. Nikamfunika mabega, nikachukua chanuo lenye mkia, nikagawa nywele kutoka paji la uso kwenda kisogoni. Nywele zake nazijua, nyororo kwa juu na ngumu kwa nyuma. Vidole vikaanza kwenda vyenyewe. Sista alisimama karibu na mlango, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Halafu nikainua macho nikaona kioo. Mteja akisukwa hujitazama mwenyewe, au hutazama simu, au husinzia. Dada Mkubwa alikuwa ananitazama mimi machoni. Hakuwa anapepesa. Nikitulia kidogo ili niongeze nywele, mkono wake unatoka chini ya kitambaa na kushika ukingo wa kiti, tayari kunidaka. Nikiendelea, unarudi. Na wenzangu kwenye viti vingine walikuwa wamepunguza kasi, na yule binti aliyepewa kiti changu alikuwa amesogea mpaka kwenye kaunta, mto uliko.

Nilijaribu kuangalia kichwa tu. Nilijaribu kupepesa mara nyingi ili wasidhani. Ukianza kufikiria kupepesa, huwezi kufikiria kitu kingine, na vidole vikaanza kutafuta njia kama vya mwanafunzi. Nilipofika kisogoni, mstari ulikuwa umepinda kuelekea sikioni. Haukuwa umepinda kidogo. Mtoto angeuona.

Dada Mkubwa aliwahi kunifumulisha kichwa kizima cha mteja kwa mstari uliokosea upana wa punje ya mchele, mteja mwenyewe akisema hapana neno. Sasa alichukua kioo cha mkono, akageuza kichwa huku na huku, akautazama mstari ule kwa muda mrefu.

"Safi," akasema. "Umenyooka kabisa."

Wenzangu wakaitikia kwamba umenyooka. Mteja mmoja akaanza kupiga makofi, akaona mwenyewe haifai, akashusha mikono.

Niliingiza mkia wa chanuo kwenye msuko nikaanza kuufumua, kuanzia mwisho. Sista alinijia haraka kutoka mlangoni.

"Mbona unafumua?" akauliza. "Amesema umenyooka."

"Ndiyo maana nafumua," nikamjibu.

Nikamchana Dada Mkubwa nywele zake zikalala, nikamvua kitambaa mabegani, nikaenda kukunja taulo.